Baba Mdogo Anauliza Nani Alipima

Mama Shubiri, shikamoo. Safu yako naisoma tangu niko sekondari, na siku zote nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, najisemea, mtu mzima na akili zake anaanikaje mambo yake gazetini kama nguo za ndani, basi leo zamu yangu imefika na kicheko sina. Jina langu nifichie. Kazi yangu nitaitaja kwa sababu bila kazi hutaelewa kosa, na nakuomba unisome hadi mwisho ndipo unitwange, maana mkono wako naujua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, nimeolewa, nafanya kazi ofisi za jiji katika kitengo kinachochagua mahali pa kuweka mashine za kuchajia magari ya umeme, zile nguzo zenye waya mnene ambazo siku hizi unaziona kando ya barabara. Watu wanadhani tunachagua tu kwa macho, hapa pazuri, pale pabaya, kumbe kila mahali pana fomu yake ya kurasa nne, transfoma iko mbali kiasi gani, taa za barabarani zinawaka, mvua ikinyesha maji yanatuama au yanapita, magari mangapi yanaegesha, njia ya waendao kwa miguu ina upana gani. Na kila mahali tunatakiwa kwenda mara tatu siku ya kazi, asubuhi watu wakiwahi makazini, mchana, na jioni wakirudi, na njia ya miguu inapimwa sehemu tatu tofauti huku gari likiwa limeegeshwa, si nafasi ikiwa tupu. Hayo maneno kuhusu gari yameandikwa kwa herufi nzito juu ya ukurasa wa tatu. Nayajua kwa kichwa, Mama, kwa sababu mimi ni mmoja wa walioyaandika.

Sasa mwaka jana tulipewa sehemu ishirini na mbili tuzimalize kwa wiki sita, wakaguzi tulikuwa wawili, mwenzangu akaenda likizo ya uzazi nikabaki peke yangu, na mkuu wetu wa kitengo ana tabia ya kusimama mlangoni kila asubuhi na kikombe chake cha chai, hasalimii, anauliza tu, "Tumefika ngapi?" Unasema kumi na moja, anakunja uso kama umemtukana mama yake. Nilichoka, sikatai, lakini sitaki kukudanganya kwamba ni uchovu peke yake, maana nilikuwa pia nimeshaanza kuipenda ile sifa ya kuwa mwepesi, watu wakipita mezani kwangu wananiita Upepo, nami nafurahi.

Sehemu namba kumi na saba nilikwenda Jumapili. Jumapili ni raha, barabara nyeupe, hakuna honi, hakuna mtu wa kukusimamia kichwani akuulize dada unapima nini, mnataka kutuvunjia? Nikapima njia ya miguu mara moja, mbele ya duka la vitambaa, nikapata mita moja na sentimita themanini. Mashine na vyuma vyake vya kujikinga inachukua sitini, inabaki mita moja na ishirini, ndicho kipimo cha chini kinachokubalika, nikasema haya, imepita. Kwenye fomu palipotakiwa vipimo vitatu nikaandika kile kile mara tatu. Nikanunua maji ya kunywa nikaondoka, nadhani sikukaa hata robo saa. Jumatatu, nikiwa kwenye kiti changu ofisini, nikajaza ile asubuhi, ule mchana na ile jioni, nikabuni idadi ya magari, na nikabadilisha kalamu, asubuhi bluu, jioni nyeusi, ili ionekane ni siku tofauti. Kuna mstari unauliza, "Nani hupita hapa?" Nikajaza, "Wapita njia wa kawaida."

Namba kumi na saba ikaongoza kwa alama. Mwisho wa mwaka nikapewa cheti cha mkaguzi bora, nikapigwa picha napeana mkono na mkubwa mmoja nisiyemjua.

Sasa nikueleze kuhusu baba mdogo.

Huyu ni mdogo wake marehemu baba yangu, na baba alipofariki ndiye aliyenishika. Alikuwa seremala. Nilipokuwa na miaka kumi alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiliezeka, miguu ikafa, na tangu hapo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Alikaa mwaka mzima akitazama ukuta, halafu siku moja akaagiza aletewe saa mbovu, yoyote ile, akaifungua akaiharibu zaidi, akaagiza nyingine, mpaka akawa fundi saa, na ana kibanda chake chenye mlango wa bluu ambamo akiingia na kiti chake hakuna nafasi ya hata paka. Kila asubuhi saa mbili kasoro robo anatoka nyumbani anajisukuma mwenyewe hadi kibandani. Kusukumwa hataki. Ukishika kiti chake bila kumwambia, anakuuliza, "Na mimi nikushike wapi?"

Huyu ndiye aliyenifundisha kupima, Mama Shubiri. Nilikuwa mdogo, ananipa ncha moja ya futi, ile tepu ya chuma inayojikunja yenyewe, ananiambia simama pale usitikisike. Mimi nasema, "Baba, inaonekana inatosha," yeye ananijibu, "Jicho ni shahidi wa uongo, mletee futi." Nikachukua kazi ya kupima kwa sababu yake. Na kile kibanda chake kiko mwisho wa mtaa ule ule wa namba kumi na saba. Nilijua. Siku ile Jumapili nilikuwa nimesimama kwenye njia anayopita kila siku ya Mungu, na sikumfikiria hata mara moja, mlango wa bluu ulikuwa umefungwa, naye alikuwa kwake amepumzika.

Mashine ikawekwa, na kusema kweli inafanya kazi, madereva wa teksi za umeme wanaipenda, wanapanga foleni. Ila magari mengi soketi yake iko mbele, kwa hiyo dereva anaingiza pua kwanza, na pua inapita juu ya ukingo inaingia kwenye njia ya miguu sentimita themanini. Hatua chache kutoka pale nilipopima pana duka la kutoa nakala, lina ngazi ya saruji iliyochomoza sentimita thelathini. Kama ningepima sehemu tatu ningeigusa hiyo ngazi kwa mguu wangu. Toa thelathini, toa themanini, inabaki sabini, na hapo waya bado umelala chini. Kiti cha baba mdogo, na viganja vyake vikiwa kwenye magurudumu, kinataka themanini.

Siku ya tatu tangu mashine iwashwe alifika pale akakuta gari, akasubiri, dereva hayupo, akaona atachelewa, akajaribu kushuka barabarani. Gurudumu moja likadondoka ukingoni. Akapinduka. Kopo lake la biskuti, ndimo anamoweka vifaa, likafunguka, skrubu na springi za saa zikatawanyika lami nzima, na saa ya mkononi ya mteja, muuguzi mstaafu aliyeachiwa saa hiyo na marehemu mumewe, ikaenda chini ya gurudumu la pikipiki. Wapita njia wa kawaida wakamnyanyua, mmoja kwapani, mwingine miguuni, kama gunia. Mkono uliteguka, umepona. Lakini jioni ile ile alimwita yule muuguzi nyumbani akamwambia, "Mama, saa yako imefia mikononi mwangu," akamkabidhi vipande kwenye kitambaa. Mama mdogo, mkewe, anasema wote wawili walilia.

Tangu siku hiyo hajatoka. Ni wiki ya sita sasa. Anasema wateja wamepungua, anasema mgongo, anasema jua. Mama mdogo ananisindikiza mlangoni ananinong'oneza, "Anafungua ile saa yetu ya ukutani, anaisafisha, anaifunga. Kesho yake anaifungua tena. Mimi nitafanya nini, mwanangu?" Na mimi nafanya kama sijasikia, navaa viatu.

Nilipokwenda mara ya kwanza baada ya ajali alinikalisha karibu yake, na picha yangu ya cheti imetundikwa juu ya meza yake ya kazi, ameiwekea fremu mwenyewe, akaniambia, "Mwanangu, wewe si uko huko huko?"

"Huko wapi, baba?"

"Huko wanakopima. Pale kuna mtu alipima, na karatasi haikosi jina. Hebu niulizie ni nani."

"Wa nini, baba? Unataka kumshtaki?"

Akacheka. "Nimshtaki nikimbilie wapi? Nataka nimuulize tu, futi alishika upande gani. Kama hana, nitampa yangu."

Nikasema, "Nitauliza."

Mama Shubiri, ulimi wangu ukaanza safari. Wiki iliyofuata nikamwambia faili halijaonekana. Nyingine nikamwambia faili limeonekana ila mtu mwenyewe yuko likizo. Akasema, "Basi, hakuna haraka, akirudi utaniambia." Kwa hiyo sasa baba yangu mdogo anamsubiri mtu arudi likizo, na mtu huyo ndiye anayemmiminia chai. Na majirani wakija kumpa pole, wakimuuliza mbona hulalamiki kwa wakubwa, anawajibu kwa maringo kabisa, "Msijali. Nina mtu wangu ndani."

Nimemweleza mume wangu. Akaniambia funika kombe mwanaharamu apite, kila ofisi watu wanajaza fomu mezani, mzee amepona mkono, ukifungua mdomo unafukuzwa kazi na mzee hapati miguu. Labda ana haki. Lakini kuna jambo moja limeniminya, ndilo limenifanya nikuandikie. Mashine zote zinawekwa kwa majaribio ya siku sitini, zimefungwa kwa bolti tu, na siku ya sitini mkaguzi aliyepima anajaza fomu ya mwisho. Akisema panafaa, wanamwaga zege, na baada ya zege kuing'oa ni kikao cha wakubwa na pengine miaka. Akisema hapafai, inahamishiwa sehemu iliyofuata kwa alama, na hiyo ipo, ni uwanja wa nyuma ya posta, mpana, ila mbali kidogo na transfoma. Fomu ya namba kumi na saba iko mezani kwangu, zimebaki siku kumi na nane. Lakini fomu ya mwisho inaambatanishwa na ile ya kwanza. Nikiandika ukweli huku, uongo wangu wa kule unasimama wenyewe, na kalamu zake mbili.

Nimewaza kutafuta njia ya katikati, niseme labda magari yameongezeka urefu, au nimuombe mwenzangu aliyerudi kutoka likizo ya uzazi apime kwa jina lake, mimi nikae pembeni. Sehemu nyingine zile nilizipima vizuri, karibu zote, na kazi yangu naipenda, na sijui mahali pengine ningeipata. Lakini nikifumba macho namwona ananyanyuliwa. Najuta mpaka chakula hakina ladha. Naogopa kufukuzwa, naogopa kuaibika, na zaidi ya yote naogopa ile picha kushushwa ukutani. Nimwambie? Nisimwambie? Au nijaze fomu kimya kimya mashine ihamishwe, yeye aanze kutoka tena, na ile habari ya jina nimwache aisahau? Nisaidie, Mama, nimekwama.

Wako,
Upepo

MAMA SHUBIRI ANAJIBU

Marahaba, Upepo. Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba, nimekunywa maji, nimerudi.

Pole. Hiyo nakupa mwanzo kwa sababu baadaye nitaisahau. Kumkosea mtu aliyekulea, halafu yeye ndiye awe anakusubiri kwa moyo mweupe, ni adhabu ambayo hakuna bosi anayeweza kukupa. Chakula kukosa ladha ni sawa. Ningeshangaa kingekuwa kitamu.

Sasa twende kazini. Uchovu ningeusamehe, mkuu wako na kikombe chake nawajua, wako wengi. Hata Jumapili ningekuvumilia. Lakini kalamu mbili! Mtu mvivu, mwanangu, hahitaji kalamu mbili. Mvivu anajaza kwa moja analala. Ulipofungua droo kutafuta kalamu nyeusi ulikuwa unajua kabisa unachofanya, kwa hiyo usiniambie ulikosea kupima. Ulipima sawasawa, nafasi tupu, siku tupu, ili upate jibu ulilokuwa unalitaka. Anza kuliita kwa jina lake ukiwa peke yako, halafu utaweza kuliita mbele za watu.

Na mumeo msalimie. Methali yake naipenda, lakini muulize, hapo mwanaharamu ni nani? Aliyetaka kupita ni baba yako mdogo, na akaanguka. Muulize pia, kama ni yeye angenyanyuliwa kwapani na miguuni mbele ya duka la nakala, angetaka kombe gani lifunikwe. Anakupenda, anakuogopea, hilo naliona. Lakini ushauri wake unakulinda wewe na kumwacha mzee akisafisha saa ile ile kila siku.

Kuna neno umelipitisha mlango wa nyuma ukidhani nimesinzia. "Nilizipima vizuri, karibu zote." Karibu! Karibu ni ngapi? Mbili? Tano? Pale napo hakuna mama mwenye kigari cha mtoto, hakuna kipofu na fimbo yake? Hao hawana mtu wao ndani, hawana wa kumtuma aulize jina. Hilo karibu utalifungua pamoja na namba kumi na saba, kwa siku hiyo hiyo na kwa karatasi hiyo hiyo.

Njia ya katikati haipo. Ukijaza fomu kimya kimya mashine ikahama, baba yako mdogo ataanza kutoka, ndiyo, na kila Jumapili utakapokwenda kumsalimia atakuuliza, je, yule amerudi? Utamuua yule mtu? Utamhamishia mji mwingine? Na kumtwika mwenzako mwenye kichanga jina lake kwenye uchafu wako, hilo hata usilirudie kulitamka.

Mzee wako amekuonyesha njia na hukuiona. Saa ya mteja iliharibika, kosa halikuwa lake hata kidogo, lilikuwa lako wewe, lakini alimwita mwenyewe jioni ile ile, mkono umeteguka, akamkabidhi vipande. Hakusema saa iko kwa fundi mwingine. Hakusema kitambaa kimepotea. Wiki sita sasa wewe una vipande mfukoni.

Nenda kwake kabla ya kwenda ofisini, si baada. Asisikie kwa watu. Usibebe zawadi, usimpelekee keki kama mtu anayekwenda kuomba kura. Na usilie kwanza. Nakujua, utataka kulia mlangoni, na ukilia kwanza atakubembeleza yeye, na hiyo itakuwa mara nyingine umemwangushia mzigo wako. Sema, ndipo ulie. Sema Jumapili, sema kipimo kimoja kilichoandikwa mara tatu, sema kalamu, sema likizo ya uongo. Halafu nyamaza. Akinyamaza naye, kaa hapo hapo. Akikufukuza, toka, na kesho rudi. Akiishusha picha, mwache aishushe, ni ukuta wake. Sikuahidi kwamba atakusamehe. Labda atakuchapa kwa maneno mpaka masikio yawake, labda atacheka. Na usishangae akikwambia alikuwa anajua. Mtu ana picha yako ukipokea cheti cha kupima, iko juu ya meza yake, halafu anakuuliza wewe nani alipima. Mimi sijui. Pengine ni mzee asiye na shaka na mtoto wake, pengine alikuwa anakuachia mlango wazi wiki zote sita. Yote mawili yana jibu moja.

Ukitoka kwake nenda ofisini na barua uliyoiandika mwenyewe. Tarehe, Jumapili, robo saa, na orodha ya hiyo karibu. Omba namba kumi na saba ipimwe upya siku ya kazi, saa mbili kasoro robo, gari likiwa limechomekwa waya, na ncha moja ya futi ashike baba yako mdogo. Usiombe hilo kwa kumhurumia. Omba kwa sababu njia ile anaijua kwa viganja vyake kuliko ofisi yenu nzima, na kwa sababu mlijaza fomu ya kurasa nne bila kumuuliza hata mtu mmoja anayepita. Cheti kirudishe bila hotuba. Unaweza kupoteza kazi, sitakudanganya. Ila ukibaki nayo kwa zege lile, kila utakaposhika futi mkono utakusuta, na mkaguzi asiyeamini mkono wake ana kazi gani tena?

Wewe unaogopa. Mimi nitakwambia ninachoogopa. Zamani nilikuwa na neno la kumwambia dada yangu, dogo tu, kwamba kosa alilolaumiwa lilikuwa langu. Nikasema wiki ijayo. Nikasema akipona. Nilipofika mlangoni kwake na neno langu nimelipanga vizuri, nilikuta viatu vya watu vimejaa kizingitini mpaka nje. Nililisema hivyo hivyo, pembeni ya kitanda kilichotandikwa. Halikunisaidia, wala yeye halikumsaidia. Wewe mtu wako yupo, anakula, anacheka, anafungua saa ya ukutani na kuifunga.

Una siku kumi na nane za ofisi. Kwa mzee nakupa hadi kesho. Fika saa mbili kasoro robo, saa aliyokuwa akitoka, na kabla hujavua viatu mwambie yule mtu aliyekuwa likizo amerudi.